Wapakiaji wangu wanaumia migongo na mabega: nianzie wapi?

Msimamizi wa Zamu, Lunga Lunga

Salaam kwenu nyote mnaofuatilia masuala ya usalama kazini. Mimi ni msimamizi wa zamu ya mchana katika kiwanda kimoja cha kusaga unga wa mahindi, hapa Nairobi katika Eneo la Viwanda, upande wa barabara ya Lunga Lunga. Katika miaka tisa niliyokaa hapa sijaona mtu akikatwa kidole wala kuangukiwa na gunia. Ninachokiona ni madhara yanayokuja polepole: kijana anaingia akiwa na nguvu zake zote, baada ya mwaka mmoja anaanza kushika kiuno kila anapoinuka, baada ya miaka miwili haji tena, na jina lake linaondolewa kwenye orodha bila mtu yeyote kuandika kwamba aliumia kazini.

Kazi yenyewe ni hii. Beli moja ya unga ina pakiti 12 za kilo 2, yaani kilo 24. Inatoka kwenye mashine ya kufunga na kuletwa na konveya (mkanda wa mashine unaosafirisha mizigo) ambayo mwisho wake uko sentimita 35 kutoka sakafuni, chini ya goti la mtu mzima. Mpakiaji anainama, anaikumbatia beli, anajigeuza robo mzunguko kuelekea kulia, kisha anaipanga juu ya paleti, yaani jukwaa la kupangia mizigo, iliyolazwa sakafuni. Safu ya kwanza anaipanga akiwa ameinama karibu hadi miguuni. Safu ya saba inafika sentimita 155, na hiyo ni juu ya bega, hasa kwa walio wafupi. Siku ambayo mashine haikwami, kila mpakiaji huinua beli zipatazo 900 katika zamu ya saa nane, ambazo ni zaidi ya tani 21.

Wakubwa wangu hawakupuuza jambo hili. Walinunua mikanda ya kufunga kiunoni, wakaleta mkufunzi aliyewafundisha watu kukunja magoti na kunyoosha mgongo, na wakabandika picha ukutani. Miezi miwili imepita na sioni tofauti. Kati ya wapakiaji wanane, watatu wameomba ruhusa kwa sababu ya mgongo, na mmoja hawezi kuinua mkono wake wa kulia kupita kichwa. Ninawaomba mnieleze tulipokosea, ni nini tunachoweza kuanza nacho kwa fedha kidogo, na sheria yetu inasema nini, kwa sababu nitalazimika kulipeleka ombi langu kwa meneja likiwa na hoja zinazosimama.

Afisa Usalama, Baba Dogo

Bwana Msimamizi, nakushukuru kwa kuandika kwa vipimo. Wengi hutuandikia tu kwamba watu wao wanaumwa, nasi tunabaki kukisia. Kwa vipimo ulivyotoa, tunaweza kupiga hesabu hapa hapa.

Taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, inayojulikana kwa kifupi kama NIOSH, iliirekebisha mwaka 1991 kanuni yake ya kukadiria uzito unaofaa kuinuliwa kwa mikono. Kanuni hiyo inaanzia kilo 23. Huo ndio uzito ambao watu wengi wenye afya wanaweza kuuinua bila hatari kubwa endapo kila kitu kiko sawa: mzigo uko sentimita 25 tu mbele ya vifundo vya miguu, mikono inaushika ukiwa sentimita 75 kutoka sakafuni, mwili haujipindi, mshiko ni mzuri, na kazi hairudiwi mara kwa mara. Kila unapotoka kwenye hali hiyo njema, zile kilo 23 unazizidisha kwa namba iliyo chini ya 1, na kiwango kinashuka.

Tuichukue kazi yako sasa, tukiitazama safari ngumu zaidi ya beli, yaani kutoka kwenye konveya hadi safu ya juu. Mtu anayeinama kuchukua beli iliyo chini ya goti kwa kawaida anaishika ikiwa karibu nusu mita mbele yake. Umbali huo peke yake unakata kiwango kwa nusu. Kuanzia sentimita 35 badala ya 75 ni kuzidisha kwa 0.88. Kuipandisha kwa sentimita 120 ni 0.86. Kujipinda robo mzunguko ni 0.71. Beli 900 kwa saa nane ni karibu mbili kila dakika, nayo kasi hiyo kwa zamu nzima ni 0.65. Beli haina pa kushika vizuri, kwa hiyo weka 0.90. Ukizidisha yote hayo unabaki na kilo 3.6. Kanuni inasema kwamba katika mazingira hayo mzigo unaofaa ni kilo 3.6, na wewe unawapa watu wako kilo 24, zaidi ya mara sita. Mzigo unapopita mara tatu ya kiwango, sisi katika kazi hii huiweka kazi hiyo miongoni mwa zile za kubadilishwa upesi.

Zitazame tena namba hizo uone ni wapi panapouma zaidi. Uzito wa beli huwezi kuubadilisha, kwa kuwa soko limeuzoea. Umbali kutoka mwilini, kujipinda na kasi ndivyo vinavyokula kiwango, na vyote vitatu vinatokana na namna kituo cha kazi kilivyopangwa. Mkufunzi wenu aliwafundisha watu kukunja magoti, lakini konveya iliyo chini ya goti haimwachii mtu nafasi ya kuinua vizuri hata akiwa na nia njema, kwa sababu magoti yake mwenyewe yanamzuia kuukaribia mzigo.

Tuseme basi umeinua mwisho wa konveya hadi sentimita 75, beli ikafika kiunoni na mtu akaivuta hadi sentimita 30 kutoka mwilini. Paleti nayo umeinyanyua ili beli isipande wala kushuka zaidi ya sentimita 25. Na kujipinda kumepungua hadi theluthi ya kule kulikokuwako. Kwa kasi ile ile, kiwango kinapanda hadi kilo 10. Kilo 24 bado ni zaidi ya mara mbili, na sitaki kukudanganya kwamba vyuma peke yake vitamaliza kazi. Kasi ni lazima ishuke pia, ama kwa kuongeza mtu mmoja kwenye kituo hicho, ama kwa kuwazungusha watu katika kazi mbalimbali. Ukiwazungusha, angalia wanapokwenda: kumtoa mtu kwenye beli na kumpeleka kumimina magunia si kumpumzisha, kwa kuwa mgongo unaotumika ni ule ule. Mpeleke kwenye kukagua mizani, kubandika lebo, au kuandika kumbukumbu za stoo.

Kuhusu kujipinda kuna jambo dogo lisilogharimu chochote. Wengi huiweka paleti karibu sana na konveya wakidhani wanampunguzia mtu safari. Paleti ikiwa karibu mno, mtu hasogezi miguu. Anapanda mizizi pale alipo na kuzungusha kiuno. Isogeze kiasi cha hatua moja, naye atalazimika kugeuka kwa miguu yake, akiwa ameukabili mzigo kwa kifua.

Kuhusu sheria, fungua Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 76. Kinamtaka mwajiri ahakikishe kwamba vituo vya kazi, vifaa na majukumu vinalinganishwa na mfanyakazi na uwezo wake, na kinamkataza kumtaka au kumruhusu mfanyakazi abebe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumjeruhi. Mpelekee meneja maneno ya kifungu chenyewe. Pia, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya, na ukaguzi wa usalama hufanywa kila baada ya miezi 12. Kama ripoti yenu ya mwisho ya ukaguzi haikugusa kazi ya kuinua mizigo, muulize mkaguzi kwa nini. Na kuhusu wale wanaoondoka bila kuandikwa, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka 2007 pia, inampa mwajiri siku saba tangu apate taarifa ya ajali ili amjulishe Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mtu akishtuka mgongo katikati ya zamu, liandikeni tukio hilo siku hiyo hiyo.

Fundi Mitambo, Kariobangi

Kwa heshima zote, Afisa, sioni sababu ya kuidharau mikanda ya kiunoni. Nimekuwa nikiinua injini na boksi za gia tangu ujana wangu, na siku ninayofunga mkanda ninajisikia imara kuliko siku ambayo sijaufunga. Vijana wa leo wanainua ovyo, wanakimbilia kumaliza, kisha wanalalamika. Meza na konveya ni vitu vizuri, lakini mtu asiyejua kuinua ataumia hata ukimwekea mzigo kifuani.

Tabibu wa Viungo

Fundi, hali unayoielezea naijua, kwa sababu wagonjwa wangu wengi wanaotoka viwandani huniambia hivyo hivyo. Mkanda unabana tumbo, nawe unajisikia umeshikiliwa. Hata hivyo, NIOSH ile ile iliyotajwa hapo juu iliuchunguza ushahidi uliokuwepo na mwaka 1994 ikasema kwamba hautoshi kuonyesha kuwa mikanda inamkinga mfanyakazi mwenye afya asiumie mgongo, na kwa hiyo ikakataa kuipendekeza kama kinga. Hofu yangu ni kwamba anayejisikia imara huongeza mzigo. Mafunzo ya kuinua nayo yamepimwa mara nyingi katika nchi mbalimbali, na watafiti waliokusanya matokeo hayo hawakukuta kwamba mafunzo peke yake, kazi ikiwa haijabadilishwa, yanapunguza maumivu ya mgongo. Sisemi watu wasifundishwe. Nasema wafundishwe kwenye kituo kilichokwisha kurekebishwa, ambapo kile wanachofundishwa kinawezekana.

Ngoja nieleze kinachotokea ndani ya mwili, kwa sababu meneja akilielewa hili hatahitaji kushawishiwa sana. Misuli inayonyoosha mgongo imeshikamana sentimita chache tu, tuseme tano, nyuma ya kiini cha uti wa mgongo. Beli ya kilo 24 iliyo nusu mita mbele iko mbali mara kumi kuliko misuli hiyo. Ili beli isimwangushe mtu kifudifudi, misuli inalazimika kuvuta kwa nguvu sawa na kilo 240, na hapo bado hatujahesabu uzito wa kichwa, mikono na kifua chake, ambavyo navyo vimening'inia mbele. Nguvu hiyo yote inavikandamiza visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili za kiuno. Beli ile ile ikisogezwa hadi sentimita 25, unakuwa umeokoa nusu nzima ya kazi inayotokana na mzigo, na uzito haujapungua hata gramu moja.

Mwaka 1999 watafiti nchini Ujerumani walichapisha vipimo walivyovipata kwa kuweka kifaa ndani ya kisahani cha kiuno cha mtu mmoja aliyejitolea. Alipokuwa amesimama wima tu, shinikizo lilikuwa 0.5 kwa kipimo cha megapaskali. Alipoinua kilo 20 akiwa ameuinamisha mgongo, lilifika 2.3, alipoinua uzito huo kwa kukunja magoti, 1.7, na alipoushika uzito ule ule karibu na kifua, 1.1. Fundi, hapo utaona kwamba namna ya kuinua ina faida na sikukatalii hilo. Lakini faida kubwa zaidi inamwendea yule ambaye mzigo unamfikia ukiwa tayari umekaribia kifua chake, bila kuuchota chini.

Kuna jambo jingine ambalo viwandani halizungumzwi. Mtu anapolala usiku, visahani hivyo hunyonya maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi sote tunakuwa warefu kidogo kuliko jioni. Katika saa ya kwanza baada ya kuamka, kuinama sana kunavikaza zaidi. Wapakiaji wengi wa Eneo la Viwanda hutoka Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, huamka alfajiri, na baadhi yao huwa wameshabeba mitungi miwili mitatu ya maji ya lita 20 kabla ya kulifikia lango la kiwanda. Zamu inapoanza, wape kwanza kazi za kusimama na kutembea, na beli zianze taratibu.

Bwana Msimamizi, yule asiyeweza kuinua mkono kupita kichwa asirudishwe kwenye safu ya saba hata kama atakuambia amepona. Na uwaeleze watu wote wako dalili zisizosubiri: mtu mwenye maumivu ya mgongo akianza kufa ganzi katikati ya mapaja, au miguu yote miwili ikalegea, au akashindwa kuuzuia mkojo au kuutoa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, kulala kitandani wiki nzima hakumsaidii mtu. Kutembea na kufanya kazi nyepesi kunamponya mapema zaidi.

Ukitaka kujua ni wapi watu wako wanaumia kabla hawajaomba ruhusa, chora mwili wa binadamu kwenye karatasi, mbele na nyuma, umpe kila mmoja mwisho wa zamu aweke alama panapomuuma. Njia hii imetokana na dodoso ambalo watafiti wa nchi za kaskazini mwa Ulaya walilitoa mwaka 1987, na hadi leo linatumika kote duniani kwa sababu ni rahisi na haliwachoshi watu.

Mshonaji, Ruaraka

Naomba kuongeza neno kwa upande wa sisi tunaokaa, maana maumivu si ya wachukuzi peke yao. Nimeshona nguo za kuuza nje kwa miaka kumi na mmoja na sasa ni mwakilishi wa wafanyakazi.

Hizo karatasi za alama, Daktari, ni nzuri, ila zisiwe na majina. Katika kiwanda nilichoanzia, ambacho sitakitaja, mwenzetu mmoja alimwambia msimamizi kwamba shingo yake ilikuwa imekaza hata hawezi kugeuka. Hakufukuzwa. Asubuhi iliyofuata majina ya vibarua yaliposomwa langoni, lake halikusomwa, na halikusomwa tena hadi alipoacha kuja. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema anaumwa. Tulikuwa tukipeana dawa za maumivu chini ya meza. Sheria inamkataza mwajiri kumwadhibu mtu aliyetoa lalamiko la usalama, lakini kibarua wa siku hana barua ya kufukuzwa ya kumwonyesha mtu yeyote. Kwa hiyo Bwana Msimamizi, kabla hujagawa karatasi zako, simama mbele ya watu wako useme waziwazi kwamba hakuna atakayeachwa nje kwa sababu ya alama aliyoiweka, kisha ulitimize neno lako.

Jambo la pili ni kuwauliza watu kabla ya kununua. Tulikuwa tukikalia mabenchi ya mbao yasiyo na pa kuegemea. Wakaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo waliposema, kiwanda kikatuletea viti vizuri vyenye magurudumu. Sasa, cherehani ya umeme unaiongoza kwa kukanyaga pedali. Ulipokanyaga, kiti kilirudi nyuma. Siku nzima ulikuwa unajivuta mbele kwa mapaja huku vidole vinafuata mshono, na jioni magoti yalikuwa yanatetemeka. Kufikia wiki ya pili, kila mshonaji alikuwa ameyafunga magurudumu ya kiti chake kwa vipande vya kitambaa. Fedha zilikuwa zimetumika, na hakuna aliyekuwa ametuuliza.

Kilichotusaidia hatimaye kilikuwa kidogo sana. Fundi wetu aliweka vipande vya mbao chini ya miguu ya meza ili ipande kidogo na kuinamia upande wa mshonaji, akaisogeza pedali karibu ili goti lisinyooshwe, na akaweka taa ndogo karibu na sindano. Ile taa ndiyo iliyoninyanyua shingo. Nilikuwa ninainama kwa sababu sioni uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, wala mgongo wangu haukuwa na kosa.

Msimamizi wa Zamu, Lunga Lunga

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tano, na ninawashukuru kila mmoja wenu. Niliyachapisha maelezo ya Afisa pamoja na maneno ya kifungu cha 76, nikampelekea meneja, naye aliposoma zile kilo 3.6 aliniuliza mara mbili kama hesabu ni sahihi. Tuliirudia pamoja.

Tulianza na konveya. Fundi wa kuchomelea kutoka Kamukunji alitutengenezea miguu mipya, na sasa mwisho wake uko sentimita 74. Jambo hilo lilimalizika Jumapili moja, mashine zikiwa zimezimwa. Paleti ilikuwa ngumu zaidi. Tuliweka paleti mbili tupu chini ya ile ya kupakia, na safu za chini zikawa nafuu kabisa, lakini safu ya saba nayo ikapanda hadi karibu sentimita 185, jambo ambalo ni baya kuliko tulikotoka. Kwa hiyo tumeshusha idadi ya safu kutoka saba hadi tano kwa muda. Stoo wamenung'unika kwa sababu paleti zimeongezeka na nafasi ni ile ile, nami ninawaelewa. Kuna troli ya kuinulia paleti iliyokuwa imetupwa nyuma ya karakana ikivuja mafuta. Ikishakarabatiwa tutaiweka chini ya paleti, tuwe tunaishusha kadiri safu zinavyopanda, kisha turudi kwenye saba.

Ila jambo kubwa kuliko yote sikuligundua mimi. Nilimwita mpakiaji wetu wa siku nyingi, mzee ambaye amefanya kazi hiyo kabla yangu, nikamwomba anionyeshe ni beli gani inayomuuma zaidi. Nilitarajia aniambie ni ya chini au ya juu. Alinishika mkono akanipeleka upande wa nyuma wa paleti, akanionyesha nguzo ya jengo. Nguzo hiyo inamzuia mtu kuizunguka paleti, kwa hiyo beli za upande wa mbali zote zinatupwa kwa mikono iliyonyooshwa kabisa, kifua kikiwa juu ya paleti. Nilipima umbali huo kwa futi kamba nikapata sentimita 80. Miaka tisa nimepita mbele ya nguzo hiyo kila siku. Siku iliyofuata tulisogeza kituo chote mita moja na nusu, na sasa mtu anaizunguka paleti pande tatu.

Karatasi za alama tulizigawa bila majina, baada ya kusema yale dada Mshonaji aliyotuagiza. Alama za kiuno zimepungua. Za bega zimebaki, hasa kwa wawili walio wafupi, nasi tumewawekea jukwaa dogo la kusimamia lenye ukingo ili wasiteleze. Kijana mwenye bega bovu yuko kwenye mizani, na mshahara wake haujaguswa.

Kinachonitatiza sasa ni mwanzo wa kiwanda. Kuna hopa ambayo ndani yake tunamimina magunia ya mahindi ya kilo 50. Mdomo wake uko sentimita 110 kutoka sakafuni. Mtu mmoja anamtwisha mwenzake gunia begani, naye anapanda ngazi mbili na kulimwaga. Huko sijagusa kitu.

Afisa Usalama, Baba Dogo

Hongera kwa hatua uliyofikia, na umpe mzee wako salamu zangu. Nguzo hiyo haikuwemo kwenye hesabu yangu. Uamuzi wa kushusha safu badala ya kuwaacha watu wapakie juu ya kichwa ni sahihi. Usikubali uamuzi huo ubatilishwe kabla ile troli haijakarabatiwa na kujaribiwa kwa paleti iliyojaa.

Kuhusu hopa, usipoteze muda kutafuta namna bora ya kubeba. Kilo 50 ni zaidi ya mara mbili ya zile 23 za kuanzia, na hakuna jinsi mtu mmoja anavyoweza kuziinua kutwa nzima bila kuumia. Kupanda ngazi akiwa na gunia begani kunaongeza hatari ya kuanguka, na akianguka anaanguka nalo.

Kama mna foklifti, yaani gari la kuinulia mizigo, itumieni kuileta paleti ya magunia hadi kwenye hopa na kuinyanyua mpaka sehemu yake ya juu ilingane na mdomo wa hopa, kisha muiweke juu ya jukwaa thabiti la chuma. Mtu asisimame juu ya uma za foklifti wala asifanye kazi chini yake. Kati ya jukwaa na hopa mweke roli fupi za chuma (vyuma vya mviringo vinavyozunguka mzigo unapopita juu yake), na juu ya mdomo wa hopa mweke wavu imara. Gunia linaburutwa kutoka kwenye paleti, linapita juu ya roli, linalala juu ya wavu, mtu anakata uzi wa mdomo na mahindi yanashuka. Paleti inavyopungua, foklifti inaipandisha, au mnaweka paleti tupu chini yake kama mlivyofanya kule kwa beli. Huku mbinu hiyo itawafaa zaidi, maana mnapakua na rundo linashuka badala ya kupanda.

Anza kwa kupima vitu vitatu: kimo cha mdomo wa hopa ukishawekewa wavu, kimo cha safu ya juu ya paleti iliyojaa, na upana wa nafasi ambayo foklifti inahitaji ili igeuke bila kuwagonga watu. Matundu ya wavu yawe madogo kiasi kwamba mkono hauwezi kupita, na mahali pa kukatia mwekewe kifyonza vumbi, kwa sababu vumbi la nafaka likijaa hewani linaweza kulipuka likikutana na cheche. Ukishapata vipimo hivyo vitatu, viandike hapa pamoja na mchoro wa sakafu, na nguzo zote ziwemo.